Una Wasaa, Ndugu

Tullabeen,
Jumatatu, baada ya chai ya jioni

Kwako dada yangu mpendwa Noreen,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limekupa nafuu sasa baridi ya huko mjini inapoanza kulegea. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mvua ilichelewa, lakini imekuja, na ngano imefika magotini. Shemeji yetu Averil anakusalimu sana. Bado ndiye anayepika pai na supu katika kibanda cha klabu kila Jumamosi, na bado anamfokea kila anayeweka viatu vyenye matope mezani. Mgongo wangu ni uleule, lakini mkandaji wa timu kama mimi halalamiki mbele ya wachezaji, wasije wakaanza kumkanda yeye.

Uliniuliza kama ni kweli klabu yetu inavunjwa. Nitakueleza yote, pamoja na jambo moja ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Mwezi wa tano ligi ya wilaya ilituletea watu wawili. Wakanywa chai yetu, wakala keki ya Averil, kisha wakasema kwa upole kwamba tukimaliza mkiani tena mwaka huu, Tullabeen itafutwa na vijana wetu watavaa jezi za Copewell. Copewell, Noreen! Baba angeamka huko aliko. Wewe unajua hali ya hapa. Shule imekwenda, benki imekwenda, treni inapita bila kusimama. Mpira nao ukienda, hatutaonana tena ila mazishini.

Cha ajabu ni kwamba vijana hawa mpira wanaujua. Ungewaona Alhamisi mazoezini, ungesema ni mabingwa. Wanapiga kwa mguu wowote, mpira unazunguka hewani na kumwangukia mwenzao kifuani kama mtoto mchanga anayekabidhiwa. Wanaruka mabegani mwa wenzao na kuudaka juu kwa juu, kama mchezo wetu huu wa mikono na miguu unavyotaka. Lakini ikifika Jumamosi, kijana yuleyule akiupata mpira utadhani ameokota kaa la moto. Anaufyatua kokote, mradi usiwe wake. Na wale wageni walioegesha magari kuzunguka uwanja wanapiga honi kwa dhihaka na kutupigia kelele, “Haraka ya nini, mna harusi?” Au, “Mrudishieni mpira mama yake, mnamtesa!”

Kocha wetu, Warwick Tidd, alisema dawa ni ufundi, akawaongezea mazoezi mpaka wakawa wanatapika kando ya uzio. Averil akamwambia mbele ya watu, “Warwick, unampaka mtu dawa ya goti naye anaumwa kifua. Miguu yao haina kosa. Imani ndiyo hawana.” Warwick akamjibu abaki na pai zake. Averil akasema sawa, na Jumamosi hiyo kocha akapewa pai iliyoungua.

Lakini Averil alisema kweli, na alikuwa na haki ya kusema. Tangu ndugu yetu Des, mumewe, agongwe na treni pale kwenye kivuko cha reli karibu na maghala, hii miaka sita, timu haijapata nahodha wa kuisemesha, na yeye Averil hajapata wa kumsemesha nyumbani.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja ya mwezi wa saba ukungu ulipanda kutoka ziwa la chumvi, ukalala uwanjani mpaka milingoti ya goli ikaonekana nusu. Tulikuwa tunafungwa kama kawaida. Kisha Rowan Pask, beki wetu, yule mtoto wa muuza mafuta ya magari, akaudaka mpira mbele ya goli letu, na badala ya kuufyatua, akasimama. Akainua macho. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akampelekea mwenzake mpira safi, taratibu, kama mtu anayemimina chai. Baadaye mwingine akafanya vilevile. Halafu mwingine. Jioni ile tulishinda, dada, na wazee walilia ndani ya magari yao na honi zikipigwa.

Katika chumba cha kubadilishia nguo wakaanza kuulizana ni nani aliyekuwa akiita. Unajua desturi ya mchezo wetu. Aliyeshika mpira haoni mgongoni kwake, kwa hiyo mwenzake humwita kumwambia kama adui yuko mbali. Ni macho ya kuazima. Lakini miaka hii hakuna kijana wa Tullabeen aliyethubutu kuita, maana anayeita naye anaogopa kukosea. Basi kila mmoja akasema si mimi, ni fulani, na fulani akaapa si yeye. Rowan akacheka akasema, “Basi ni nani? Maana alikuwa hapa, nyuma ya sikio langu. Una wasaa, ndugu, una wasaa.”

Alipoiga ile sauti alipiga mluzi kidogo katika neno wasaa. Mikono yangu ilisimama juu ya paja la mtu niliyekuwa namkanda. Noreen, nani mwingine unamjua aliyeita hivyo? Yule aliyepoteza jino la mbele katika uwanja uleule akiwa na miaka kumi na saba, akakataa kuweka la bandia. Des alipokufa, Rowan alikuwa bado mtoto wa kukimbiza mbwa.

Jumapili nilipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida. Maandiko yanatukataza kuwasikiliza wafu, nami huwasomea watu maneno hayo kanisani kwa kinywa changu mwenyewe. Lakini nani angeniambia niwazibe vijana masikio? Tuliendelea kushinda, si kila mara, lakini vya kutosha. Mechi ya mwisho ikawa ndiyo ya kuamua. Tukishinda tunatoka mkiani. Tukishindwa tunafutwa. Na wapinzani walikuwa Copewell.

Hiyo ilikuwa juzi Jumamosi. Ukungu tena. Mpaka robo ya tatu ya mchezo tulikuwa mbele, vijana wanatembea na mpira kama wenye nyumba. Ndipo nahodha wa Copewell, jibaba moja liitwalo Bram Hoskin, akamwendea refa na kudai tuhesabiwe. Ni haki ya nahodha. Timu ni watu kumi na wanane uwanjani, na ikikutwa na wa kumi na tisa, alama zake zote zinafutwa papo hapo. Bram alisema, “Mna mtu wa ziada anapiga kelele huko nyuma. Nimemsikia, na wenzangu wamemsikia. Jezi yake haina hata namba.” Warwick akamwambia akapime macho.

Refa akapuliza filimbi, wetu wakapanga mstari katikati ya uwanja. Nilikuwa pale na chupa zangu za maji. Nataka uniamini, dada. Bila kuambiwa na mtu, katikati ya mstari waliacha pengo. Upana wa mtu mmoja, kama ndugu wanavyoacha nafasi kanisani kwa aliyechelewa. Refa akawaambia wasogee. Hakuna aliyesogea. Akahesabu, akafika kwenye pengo, kidole kikabaki hewani. Akarudi mwanzo. Kumi na wanane. Akatangaza mchezo uendelee, lakini alinijia akaomba maji, na meno yake yaligonga chupa. Akaniuliza kwa sauti ya chini yule mwingine amekwenda wapi.

Baada ya hapo sauti haikusikika tena. Sijui kama kuhesabiwa kulimfukuza. Nilichoona ni vijana wakigeuza shingo, wakisikiliza, na hofu ikiwarudia usoni. Kaa la moto likarudi mikononi. Mpaka dakika za mwisho Copewell walikuwa mbele yetu kwa alama chache zisizofikia goli moja, na honi zao zilikuwa zinatuzika.

Kisha Rowan akaupata mpira mbele ya milingoti yao. Hakuwa na mtu karibu. Hakujua. Nilimwona mabega yakipanda, mguu umeshaanza kutupwa hovyo. Mimi nilikuwa pembeni, kwenye mstari. Nilifungua kinywa nimwombe Mungu.

Na hili ndilo sijamwambia mtu. Kilichotoka si sala, na si sauti yangu. Ilikuwa “una wasaa, ndugu, una wasaa,” ndefu, tulivu, ya kijana, na ilipiga mluzi. Meno yangu ya bandia yalikuwa yamekaa sawa, Noreen, hayana pengo. Niliisikia kama wewe unavyomsikia mtu wa chumba cha pili. Rowan alitulia. Akashusha mguu, akaupanga mpira, akaupiga katikati ya milingoti kama ilivyo Alhamisi.

Tumepona. Klabu ipo. Warwick amenikumbatia na kusema mwakani nisishike chupa, nisimame tu pembeni niwe mwitaji wao, maana sasa amekubali kwamba miguu pekee haitoshi. Nikamwambia nitaomba kwanza.

Jana asubuhi nilisoma somo kanisani. Nilisoma bila haraka, na mimi, unanijua, husoma kama ninayefukuzwa. Averil alikuwa anafunga dirisha akaacha mkono kwenye komeo mpaka nilipomaliza. Baada ya ibada aliniletea chai, akaiweka mbele yangu, akaenda zake. Alikuwa ametia sukari vijiko vitatu, kipimo cha Des. Miaka yote hii anajua mimi huinywa bila sukari. Nilimtazama mgongoni alivyokuwa anakunja vitambaa vya meza, akiimba kidogo, kitu ambacho sijamsikia akifanya tangu mazishi, nami nikashindwa kumwambia amekosea. Nikainywa yote. Ilikuwa tamu kwangu.

Wewe ndiye uliyetulea mimi na Des mama alipolala kitandani, na wewe ndiye uliyeijua sauti yake kabla ya jino na baada yake. Niambie kama nimetenda dhambi. Niambie pia kama nimwitikie Warwick, maana nikikataa, hao vijana watarudia kaa la moto, na nikikubali, sijui siku moja nikinyamaza ni nani atakayekuwa amenyamaza.

Msalimie shemeji Lionel na watoto. Mungu akulinde, nawe uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Clem

Tafadhali niandikie upesi.