Mbio Nisizoziomba

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nachapa mtihani wa Jiografia, ukurasa wa pili, kompyuta imeganda tena. Kibodi haisikii. Nimezima, nimewasha, nimeanza upya. Jana Baba Zuhura kaifungua kompyuta yangu akahamisha jampa, vile vikofia vidogo vya plastiki kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ili prosesa ya kasi ya 133 ikimbie 166. Bure, anasema, bila kununua kitu. Bure kwake. Nani kamwambia nazitaka mbio? Mie nachapa, sishindani na mtu.

Jumanne, 4 Machi
Joto. Feni ya chumbani kaihamishia sebuleni, inaipepea kompyuta iliyovuliwa bati la ubavuni. Mwanangu Zuhura ana vipele vya joto mgongo mzima. Mtoto hapepewi, chuma kinapepewa! Na bado inaganda.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu Komba kapita kuulizia mitihani ya shule yao. Nimemdanganya kwamba umeme ulikatika. Mitihani inaanza Jumatatu. Nikiwahi, kazi zote za shule nitapewa mie. Nikichelewa, anarudi kwa wachapaji wa mjini. Kaondoka bila kumaliza chai.

Tangu shirika nililokuwa nikifanyia kazi litupunguze, kiinua mgongo changu chote kimo ndani ya kompyuta hii. Nimemwambia Baba Zuhura airudishe ilivyokuwa. Eti tatizo ni mazabodi, ya bei poa, nivumilie bado anaisoma. Eti rafiki yake wa Kinondoni kaweza kwa mazabodi hiyohiyo. Basi akaoe huko Kinondoni.

Ijumaa, 7 Machi
Jiografia yote imepotea. Iliganda ikiwa inahifadhi, sasa disketi haisomeki. Nimelia. Kisha nimefua mapazia ya nyumba nzima, maana bila kushika kitu ningempiga mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Baba Zuhura kaenda msibani Chamazi. Nikafunga mlango. Kijitabu kilichokuja na mazabodi kina michoro ya jampa, ukitulia unaelewa. Kikofia kimoja tu. Nimekivuta kwa kibano cha nyusi, nikakirudisha penye 133. Moyoni nikisema ikiungua hii nimekwisha.

Imewaka. Nimechapa mpaka magharibi, haikuganda hata mara moja. Mbele ya boksi taa nyekundu za namba ya kasi bado zinaonyesha 166. Kumbe taa zile zina jampa zake mbali, zinaonyesha alichozipangia Baba Zuhura, prosesa iende itakavyo. Nimeziacha.

Jumapili, 9 Machi
Mitihani yote nimempelekea Mwalimu Komba nyumbani kwake. Kaikagua, katabasamu. Nimechoka hata kula sitaki.

Jumapili, 16 Machi
Rafiki wa Kinondoni kaja kuitazama. Wamekaa mbele ya kompyuta, 166 inawaka. Baba Zuhura anapandisha kurasa, anashusha. "Unaona inavyoruka?" Mwenzie kakiri kwamba yake haimalizi saa bila kuganda, akaomba siri. Baba Zuhura kajibu ni subira tu.

Subira! Nilitaka kucheka, kisha hasira ikanipanda upya, nikakumbuka machozi ya Ijumaa ile. Kisha nikamwona alivyofurahi. Siri ninayo mie, wala hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu Komba kaleta mitihani ya shule ya pili. Nimewaomba wanipishe kwenye kiti, nina kazi.