Mashangazi Hawajafika

Tunduma, Jumamosi

Eti wimbo usiachwe uishe! Hilo ndilo somo la kozi ya u-DJ ninayosoma mtandaoni, na mimi mjinga nikalibeba hivyo hivyo mpaka kwenye sendofu ya leo, ya kumuaga binti anayeolewa.

Mashangazi wa binti waliingia wakiserebuka kwa wimbo wa Kinamwanga, masufuria ya zawadi kichwani. Walipofika katikati ya ukumbi nikaingiza wimbo mwingine taratibu, mapigo yamekaa sawasawa. Mwalimu angenipigia makofi.

Wakasimama wote. Shangazi mkubwa akanigeukia, sufuria bado kichwani: "Wewe mwanangu, nani kakuambia tumefika?"

Kwetu wimbo uliowatoa mlangoni ndio unaowafikisha kwa bibi harusi. Ukikatika, wanaanza upya. Wakarudi mlangoni kweli, na umri wao na magoti yao, ukumbi mzima ukinitazama mimi.

Na hili nalijua tangu utotoni! Ndilo linaloniuma. Nalijua, nikamwamini mtu wa kwenye kioo cha kompyuta.

Somo la spika lilinifaa, sikatai. Leo maiki haikupiga mluzi hata kidogo. Lakini sasa mwalimu huyo ananihimiza nilipie sehemu ya pili ya kozi. Nimepita intaneti kafe nikamwandikia, kwa Kiingereza changu cha hasira: sehemu hiyo ya pili ina somo la kuwasubiri mashangazi mpaka wafike?

Amejibu papo hapo, kwa adabu kabisa. Anauliza mashangazi ni akina nani.