Kipimo Hakikuwa Kibovu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mama naye mwambie dawa azimalize, asiachie nusu eti kapona. Sisi huku wazima, ila nina hasira, utanivumilia.

Barua yako nimeipata. Unasema nikamwombe radhi mkuu wa shule. Thubutu! Sikia kwanza.

Walimu wa sayansi tuko watatu: mimi wa fizikia, dada wa kemia, na yule wa biolojia tunayemwita Mzee Kijana. Tangu muhula uanze, kila Jumatano mmoja anafundisha, wawili tunakaa dawati la nyuma na madaftari yetu. Kipindi kikiisha tunakosoana bila kuoneana haya, kisha somo tunalipanga upya pamoja.

Zamu yangu ilipofika nilifundisha umeme. Nikaunga balbu mbili kwenye waya mmoja, nikasema ya kwanza hula mkondo, ya pili hupata makombo. Dada wa kemia akaniomba kwa upole tupime kabla na baada ya balbu. Ameta, kile kipimo cha mkondo, ikasoma namba ileile. Nikatamani kuingia chini ya meza! Ndipo msichana mmoja wa mbele akauliza, sasa balbu inatumia nini? Mzee Kijana akatuazima kipindi chake, tukahangaika wote hadi darasa likaelewa: mkondo unazunguka wote, nishati ndiyo inayoachwa pale. Baba, sijawahi kufundisha vizuri vile.

Mkuu aliposikia akasema huo ni umbeya, na kwamba nilidhalilishwa bure kwa kuwa nilikuwa sahihi. Hivyo ndivyo ulivyomfundisha wewe alipokuwa mwanafunzi wako. Akaleta karatasi tusaini kuwa tumeacha kukaa kwenye vipindi vya wenzetu. Asiyesaini atahamishwa. Wenzangu wamegoma, na mimi nimeirudisha mezani kwake tupu.

Sasa nikwambie nisichomwambia hata mume wangu. Somo lile nililinakili kutoka kwenye daftari lako la kufundishia. Na mwaka wangu wa tatu kazini nilishapima mwenyewe, mbele ya wanafunzi, nikaona namba zilezile. Nikawaambia kipimo kibovu. Baba, hakikuwa kibovu. Niliona aibu, na kukupinga wewe niliona ni utovu wa adabu. Miaka minane watoto wa watu wamekariri uongo wangu, kwa kuwa humo darasani nilikuwa mtu mzima peke yangu na hapakuwa na wa kunibana.

Wewe nakuomba radhi kwa kukutamkia haya. Mkuu, simwombi ng'o. Akinihamisha, nitakofikia nitamtafuta mwalimu wa jirani siku ya kwanza, nimwambie aje akae nyuma.

Najua unataka kumpigia simu mwanafunzi wako huyo uniombee. Mpigie, lakini mimi usinitaje. Mwambie kwamba lile la balbu ulimfundisha makosa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mama umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yako,
mwalimu wa fizikia, mpaka watakaponitoa.