Mafundo Sita ya Katani

Kiganjo,
Sanduku la Posta 114,
Thika.

6 Desemba 1959

Mpendwa shangazi yangu, Tata Ngendo,

Kabla ya jambo lolote nakuamkia kwa heshima, na kukuuliza kama lile goti la kushoto limekupa nafuu tangu mvua za Tabora zianze, na kama mumeo Bwana Idarous bado huwahi karakana ya reli alfajiri na kifua chake kile. Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini ni kikohozi cha mtu mwenye nguvu: jana alipalilia maharagwe mpaka jua likazama, na tulipotaka kumsaidia akatufukuza shambani.

Naandika kwa Kiswahili ili binti yako Khamisa akusomee bila kukwama. Nawe dada Khamisa, ukifika mahali ninapojisifu usiruke. Na ukifika mahali ninapoaibika usiruke pia, ingawa ningefurahi ukisoma upesi.

Katika barua yako ya Septemba uliuliza jambo moja tu, ukalirudia mara mbili. Ulitaka kujua kama kaka yangu Zacharia atapewa unyapara kule Ruiru, au ataendelea kuwa kibarua wa msimu, anayeitwa mavuno yakianza na kuagwa yakiisha. Nilichelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe lilichelewa. Sasa limefika.

Wewe unamjua Zacharia kuliko mimi, maana ndiwe uliyemficha nyuma ya ghala siku mwalimu alipomfuata hadi nyumbani na kiboko mkononi. Ametimiza miaka thelathini na mmoja na hajabadilika. Miaka minne alikaa darasa moja, na hata leo asema herufi zikitazamwa hutawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Hawezi kumaliza sahani ya chakula bila kusimama mara tatu. Mwezi uliopita mkewe, Njambi, alimtuma dukani Gitothua akanunue chumvi. Alirudi jioni na jogoo mzuri sana, aliyepewa na mtu asiyemjua baada ya kumtengenezea bawaba ya mlango. Chumvi hakuwa nayo, wala kofia aliyotoka nayo.

Walimu walimwita mvivu. Nimebishana juu ya neno hilo na watu wengi, wazee wa kanisa wakiwamo, na sijapata wa kunijibu: ni mvivu gani huyo anayeamka kabla ya jogoo na kufanya kazi za watu watatu kabla ya saa nne, ijapokuwa si zile tatu alizotumwa? Nimesoma vitabu vingi, Tata, na ningali nasoma, lakini sijakuta kimoja chenye jina la hali yake. Kwa hiyo naishi bila jina hilo, na Zacharia mwenyewe halihitaji.

Aliyemwelewa ni Njambi. Kila asubuhi humfunga uzi wa katani kwenye mkono, wenye mafundo. Kila fundo ni shughuli moja ya siku hiyo, na kila akitimiza moja analifungua. Akirudi jioni na fundo lililobaki, hurudishwa mlangoni kabla hajaonja chai. Huwa wanacheka wote wawili, na jirani wakisikia kicheko hujua kwamba chumvi imesahauliwa tena.

Sasa nije kwenye kahawa. Pale shambani anapofanya kazi kuna meza kumi na mbili ndefu za kuanikia. Kahawa ikishaoshwa humwagwa juu yake, ikageuzwa kwa mikono, ikafunikwa jua linapokuwa kali isipasuke ganda, ikafunuliwa tena, na mvua ikitishia ikafunikwa mbiombio. Kazi hiyo haimtaki mtu akae. Zacharia huzizunguka meza mchana kutwa, huingiza mkono, huvunja punje kwa meno, na kwa mlio wake tu husema imebaki siku ngapi. Ili asisahau, hufunga kitambaa kwenye mguu wa kila meza: cheupe kwa kahawa mbichi, cha buluu kwa iliyo nusu, chekundu kwa iliyo karibu kwenda ghalani.

Nyapara wa meza alipostaafu, meneja wa shamba alitangaza kwamba atamchagua mwingine kabla ya Krismasi. Vibarua wote walimtaja Zacharia. Meneja akasema mtu huyo hatulii mahali pamoja, na hawezi kuandika saa ya kufunika wala ya kufunua.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na shahada yangu.

Nilijiambia kwamba kijiji kizima hakikunisomesha mimi Gerishon mpaka Makerere ili nishindwe kumtuliza kaka yangu. Nilichora karatasi kubwa yenye nyuso saba za saa, na chini ya kila uso picha ya kazi inayotakiwa, nikaitundika bandani. Nikamletea saa yangu ya kengele na kigoda cha kukalia. Kisha, Mungu anisamehe, nikavifungua vile vitambaa vyote kumi na viwili nikavitia mfukoni, kwa kuwa niliviona uchafu usiomfaa nyapara mtarajiwa. Zacharia alinitazama nikivifungua, akaniachia. Alikuwa amewaambia watu miaka mingi kwamba mdogo wake anajua kila kitu, na sasa aliona haya kuvunja maneno yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilipanda baiskeli kutoka Thika, nimevaa suti, kwenda kuonja matunda ya hekima yangu. Nilimkuta kaka yangu kigodani, mikono juu ya magoti, akiikodolea saa macho kama mtu anayesubiri hukumu. Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa hawakumwacha apumue.

“Zacharia, siku hizi wewe ni chifu? Tukuletee chai hapo hapo?”

“Nyamazeni. Nimeambiwa nikae.”

“Na nani?”

“Na digrii.”

Ilipotimu saa tisa upepo uligeuka. Zacharia akainua pua, akasimama, akaitazama karatasi, akaketi. Karatasi ilisema meza zibaki wazi mpaka saa kumi. Akasimama tena. Akaketi tena. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo nikisoma kitabu, na nilidhani ile ni nidhamu.

Karani wa ghala, Mkamba mmoja aitwaye Musau, akatoa kichwa dirishani akanipigia kelele: “Wewe kijana wa Makerere! Mwambie ndugu yako hii mvua haijasoma karatasi yako!”

Ndipo tone la kwanza likaniangukia kwenye ukurasa. Zacharia alikipiga teke kigoda, akapiga mbinja moja, na watu wote wakakimbia kama kwamba mbinja hiyo walikuwa wakiingoja wiki nzima. Nami nilibeba magunia ya kufunikia, Tata, katika suti ile uliyoniona nayo pichani. Tukaziwahi meza kumi na moja. Ya kumi na mbili ililowa.

Meneja alikuja mvua ikingali inanyesha, akauliza ni nani aliyelala kazini. Vibarua wakatazama chini. Zacharia akafungua kinywa kujitwika kosa, nami nikamkata. Nilisema kwa Kiingereza safi, kwa muda upatao robo saa, kwamba kosa lilikuwa langu, nikatoa na sababu zake nne. Alinisikiliza, kisha akaniuliza ninafundisha nini shuleni. Nikamjibu, hesabu na historia.

“Basi,” akasema, “mimi sitakuja kufundisha historia. Wewe niachie kahawa.”



Halafu akamgeukia Musau, akamuuliza kama angeweza kuziandika saa hizo huku Zacharia akizunguka na kumtajia. Musau akafuta miwani yake polepole. “Bwana, naandika hivyo mwaka wa pili sasa. Wewe hukuniuliza.”

Meneja akampa Zacharia wiki moja ya majaribio. Nilivitoa vitambaa mfukoni, nikainama mimi mwenyewe kuvifunga, na wanawake wakanirekebisha meza kwa meza: “Hapo si chekundu, mwalimu! Hata rangi hujui?” Kahawa ya ile meza iliyolowa Zacharia aliigeuza kwa mikono yake siku baada ya siku, haikuota ukungu wala kunuka. Saa yangu nimeirudisha Thika. Karatasi imezibia tundu kwenye banda la kuku la Njambi, na naambiwa inafanya kazi vizuri.

Juzi Ijumaa alipewa unyapara, kazi ya mwaka mzima, pamoja na nyumba ya mawe yenye vyumba viwili. Njambi alipiga vigelegele mpaka wa Gitothua wakaja kuuliza nani amezaa. Mama alicheka, akalia, akacheka tena. Yule jogoo wa bawaba aliliwa siku hiyo, na alikuwa na chumvi ya kutosha, kwa sababu niliinunua mimi.

Wakusalimu Mama, Njambi na wanawe wawili, na Musau pia, ambaye hakujui lakini asema mtu aliyemficha Zacharia nyuma ya ghala anastahili salamu. Nisalimie Bwana Idarous na dada Khamisa. Mungu aibariki nyumba yenu, na alitulize goti lako.

Jambo la mwisho. Nilimwuliza Zacharia angependa niandike nini kwa niaba yake, akasema yake ataiandika mwenyewe. Ndani ya bahasha utakuta uzi wa katani wenye mafundo sita. Fungua moja kila Jumapili, kuanzia ile inayofuata Krismasi. Amekwishapata likizo na kibali cha kusafiri kuja Tabora. Ukifungua la sita, asema, teka maji ya chai, maana yuko garini.

Barua yangu hii lazima Khamisa akusomee. Ile yake, Tata, utaisoma wewe mwenyewe.

Ni mimi mwana wa ndugu yako, nikupendaye hata ninapobishana,

Gerishon Wainaina