Bakuli la Wali la Tadeo

Incheon,
Jumatatu, 19 Oktoba 2015.

Mpendwa mdogo wangu Myeong-ok,

Amani ya Bwana ikukute ukiwa umeketi mahali penye joto. Goti linaendeleaje? Binti yako Miriam aliniambia kwenye simu kwamba sasa unashuka ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, ingawa nakujua: ukuta unaushika akigeuka.

Sisi hatujambo. Wifi yako Bun-rye ameanza kuagiza kabichi za kuchachusha kimchi ya majira ya baridi, na kama kila mwaka anaapa kwamba mwaka huu ni chache. Mimi nasikia vizuri kwa sikio la kushoto, na hilo ndilo ninalomgeuzia akiniita kula.

Hukuweza kuja kumzika mama, na daktari alikuwa na haki ya kukukataza. Usijilaumu. Nakuandikia yale ambayo simu haikutosha.

Aliimbiwa siku tatu. Wanawake wa chama cha kuombea marehemu walikuja kwa zamu, wakakaa safu mbili wakipokezana zaburi kwa ule mtindo wa zamani aliowafundisha mwenyewe. Kwa miaka arobaini halikutoka jeneza parokiani bila sauti yake. Siku ya pili Veronika, yule wa duka la mafuta ya ufuta, aliruka mstari. Akaitazama picha ya mama. "Agata, usinikodolee macho! Ungekuwa hai ungenipiga na kitabu." Watu wakacheka huku wakijifuta machozi, kisha wakaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu mama angewaanzisha upya.

Wajukuu walikuja wote. Binti yangu Hyeon-suk, ambaye haendi kanisani siku hizi, alikaa mezani na watoto wake, na mdogo wao akachota tonge la wali kabla ya ishara ya msalaba. Hyeon-suk akamwambia, "Rudisha hilo tonge bakulini." Akashtuka kusikia maneno ya bibi yake yakitoka kinywani mwake. Kisha yeye ndiye aliyeanzisha sala.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ni habari ya kaka yetu Tadeo.

Wewe ulikuwa na miaka miwili, hukumbuki. Ile Januari ya vita, mwaka 1951, alikubeba mgongoni mpaka gatini, akakukabidhi kwa mama, akarudi kumchukua babu aliyekataa kuondoka. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alisema atatukuta kabla ya chakula cha jioni; meli ikaondoka bila yeye, mpaka ukafungwa, na hatukupata tena habari zake. Tangu siku hiyo, kila jioni, mama aliweka bakuli lake la wali lenye mfuniko chini ya blanketi, pale moto wa chini ya sakafu unapopasha zaidi. Asubuhi aliula yeye mwenyewe, umepoa, bila kumpa mtu hata punje.

Nadhani sijawahi kukueleza kosa langu la mwaka 1987, kwa aibu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na kiburi cha mtu aliyesoma vitabu. Nilihesabu miaka, nikaona inatosha, nikaandika jina la Tadeo kwenye orodha ya marehemu wanaoombewa Novemba bila kumuuliza mama. Padre alipolisoma, mama akasimama katikati ya Misa na shela yake nyeupe.

"Padre, huyo mtoe. Huyo amechelewa tu."

"Nimtoe nimpeleke wapi, mama?"

"Kwa wanaosubiriwa na chakula!"

Kanisa zima likacheka, hata padre. Mama hakucheka. Siku tisa nililetewa chakula bila neno, novena kamili. Siku ya kumi akaniuliza: "Nani alikupa ruhusa ya kumzika mwanangu?" Mwanamke aliyewaimbia wafu wa mji mzima alikataa kumwimbia mtu mmoja tu.

Basi sikia. Mwezi wa Julai, jioni ya siku aliyopakwa mafuta matakatifu, alimwita Bun-rye. "Lete bakuli la mwanangu." Likaletwa, bado lina moto. Akala vijiko vitatu. "Leo nakula mimi," akasema. "Nitamwomba radhi mwenyewe." Hakuliulizia tena mpaka anafariki.

Bun-rye anasema hapo mama alikiri kwamba Tadeo amefariki. Mimi sijui. Mama alizungumza na walio mbali na waliokufa kwa sauti ileile.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisini parokiani kuandikisha nia za Misa ya Novemba. Fomu ina visanduku viwili: walio hai na marehemu. Jina la mama niliandika kwa marehemu bila kusita. Nilipoandika jina la Tadeo, karani akaniuliza, "Babu, huyu ni wa upande gani?" Nikakaa na kalamu mkononi mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nikarudi na fomu nyumbani.

Nilitaka kukuomba uamuzi wako, kwa kuwa mgongo wake ulikubeba wewe, si mimi. Lakini katika kukuandikia nimeona jambo ambalo sikuliona pale ofisini. Kama Tadeo ametangulia, mama ameshamkuta, ameshamlisha, wala hawangojei karatasi yangu. Kama bado anaishi, ni mzee wa miaka themanini na mbili ambaye mwezi wa Agosti alipoteza mtu aliyemwombea kila siku, na hana habari. Wamebaki wawili tu wa kumwombea, wewe na mimi.

Nimetia alama: walio hai. Kesho naipeleka.

Bun-rye aliuliza kama alioshe bakuli na kulirudisha kabatini. Nimemwambia aliache. Wali naupakua mimi sasa, na asubuhi naula. Sikujua kumbe huwa mtamu hata ukiwa umepoa.

Nisalimie shemeji Reinhold, na Miriam, na yule mjukuu wako anayejifunza fidla. Hyeon-suk na Veronika wanakusalimu. Mungu aliyekuvusha ukiwa mgongoni mwa mtu akushike goti hilo mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu gatini,
Seong-taek