Vidole Viwili vya Mama

Mama mpenzi,

Mkono wako wa kushoto niliuona wazi siku moja tu, siku tuliyokuosha kabla ya kukuzika. Maisha yako yote uliuficha ndani ya leso, hata ukisukuma mahamri pale nyumbani kwetu Majengo. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimeshikana hadi kwenye kucha. Dada yako, mama mkubwa, aliufunika haraka, kana kwamba ungeona haya.

Nikiwa mdogo niliwahi kukuuliza. "Kamuulize bibi yako," ulisema, ukageuka. Baadaye nikajua ulivyoambiwa na watu: kwamba bibi, akiwa na mimba yako changa, alikata samaki mwezi ukiwa umepatwa, ndiyo maana vidole vyako vikashikana. Uliamini. Kila Idi bibi alikuja na bakuli la tambi, akaketi kibarazani, wala hukumkaribisha ndani. Alifariki hujamsemesha.

Kisha nami nikazaa. Nilipoufungua mkono wa Mwanaidi, nikakuona wewe. Mama mkubwa aliinama kitandani, akanong'ona, "Ulikata nini, mwanangu?" Usingizi ukanipaa. Nilikikumbuka kila kisu nilichowahi kushika.

Daktari wa mikono alimpima mtoto taratibu. "Kwenu yuko mwingine?"

"Mama yangu."

"Mara nyingine hurithiwa. Tumboni vidole vya kila mtoto huanza vimeungana, halafu huachana. Hivi havikuachana, basi. Si kisu wala mwezi."

Nikamuuliza kama na vyako vingeweza kutenganishwa ukiwa mtoto. "Huenda vingeweza," alisema.

Neno hilo haliniachi, mama. Nikifungua mlango namwona bibi kibarazani, bakuli mapajani, akingoja.

Mwanaidi alipasuliwa alipoanza kutembea vizuri. Walichukua ngozi kidogo ya nyonga yake, wakaitia kati ya vidole. Bandeji ilipotolewa alilia, kisha akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Kimoja kimepinda, na kovu lipo.

Nilipomweleza mama mkubwa maneno ya daktari, aliushika mkono wa Mwanaidi. Kisha akasema, "Hata mama yetu, bibi yako, aliamini. Tangu azaliwe mama yako, hakugusa samaki tena. Alikufa akijilaumu."

Sikulijua hilo. Nadhani hata wewe hukulijua.

Kama mmekutana huko, mama, nakuomba umsemeshe.

Binti yako,
mama Mwanaidi