Nani Ataona Kwanza

Endamarariek,
Jumatano, 13 Agosti 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepona. Huku tunaamka salama. Baridi ni kali, ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na bibi anasema magoti yake yamemwambia hali itakuwa hivi hadi Septemba. Mahindi tumevuna, mbaazi bado. Mdogo wangu Joshua amekuwa wa tatu darasani kwake na ameniagiza nisisahau kuandika hivyo. Mimi naendelea vizuri na kidato cha pili.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa nyumbani ni ya babu, naye akiongea huweka sauti ya nje, hata majirani wanajua tumekula nini. Mambo ninayoandika hayafai kusikika hivyo. Barua nampa Mama Blandina, anayekuja Babati kesho kumwona binti yake aliyejifungua. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Naanza na babu. Tangu aliporudi kutoka Arusha, babu hupenda kuniambia kwamba kule hakuwa mzee. Anasema mjini hakuna aliyemjua akiwa kijana, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na cha kumlinganisha nacho. Alikuwa dereva wa wageni tu, mwenye kofia yake, anayejua simba wamelala wapi. Hapa nyumbani kila mtu anamkumbuka akibeba gunia la mahindi begani, na sasa wakimwona anashika ukuta ili avuke kizingiti wanamuuliza, eti Xavery, umezeeka lini? Yeye huwajibu kwamba amezeeka siku ile aliposhuka kwenye basi. Husema hivyo akicheka, na zamani nami nilikuwa nacheka.

Mwezi wa sita alimsalimia yule mtu wa matambara aliyesimikwa shambani kwa Mama Blandina kufukuza ndege. Alivua kofia kabisa, akauliza habari za watoto. Mama Blandina alikuwa katikati ya mahindi, akamjibu kwamba watoto hawajambo, ila baba yao siku hizi amekuwa mkimya. Babu alicheka hadi akakohoa. Nilifikiri alifanya makusudi, kwa kuwa unajua utani wake.

Wakati huohuo alianza kunichukua kwenye Landrova kila alipokwenda mnadani Karatu. Nilifurahi, nikaona ananipenda kuliko Joshua. Nilikaa mbele, naye akanifundisha mchezo aliokuwa akiwachezesha wageni akiwashusha kreta: nani ataona kwanza. Wao walitafuta faru na tembo, mimi nilitaja vya njiani kwetu. Nikisema mbuzi kushoto, anasema vizuri. Nikisema pikipiki inakuja na imebeba mkaa, anasogea pembeni na kunisifu kwamba nina macho ya wageni wanaolipa vizuri. Kila mara nilishinda. Nilijiona hodari sana, baba. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyeweza kumwona faru kwa mbali, mdogo kama punje ya mtama, hakuwahi kunitangulia hata kwa ng'ombe.

Jumamosi ya mwisho ya Julai nilikuwa nimenuna, kwa sababu alikataa tusimame ninunue daftari. Nikaamua sitaji kitu chochote. Tulipoteremka kuelekea darajani nikaona mkokoteni wa punda umesimama katikati ya barabara, na mtoto amekaa juu ya madumu ya maji. Nikanyamaza. Nilitaka ashinde yeye mara moja, ndivyo nilivyojiambia. Lakini gari halikupunguza mwendo. Nilimtazama usoni, nikaona anatazama mbele kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetazama barabara tupu. Nikamwita babu kwa kelele, Aako, punda! Alikanyaga breki, na tuliposimama pua ya punda ilikuwa karibu igusane na boneti. Yule mtoto hakulia. Alituuliza tu kama tumelewa.

Babu alicheka kile kicheko chake cha kuwatuliza wageni. Kisha akaniomba nisimwambie bibi. Tangu siku ile napanda naye kila safari na kutaja kila jiwe.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita alikuja Mwalimu Inosenti, anayefundisha kwaya ya watoto wa kigango. Jumapili hii, tarehe kumi na saba, watoto kumi na mmoja watakwenda Endulen kuimba kwenye sherehe ya parokia, na gari walilopangiwa limeharibika. Kibali cha getini wanacho tayari. Mwalimu alimwambia babu kwamba barabara ile ya juu ya kreta yeye anaweza kuipita hata akifumba macho. Wote sebuleni walicheka, na babu akacheka kuliko wote, kisha akakubali. Sijawahi kumwona amenyooka vile tangu arudi. Bibi akamtania kwamba amepata kazi tena, asije akasahau kumletea mshahara.

Baba, unaijua njia ile kuliko mimi. Unajua ukungu wa asubuhi pale juu, malori yanayotoka Serengeti, na lile bonde upande mmoja ambalo mtu haoni mwisho wake. Joshua yuko kwenye kwaya hiyo, anaimba sauti ya kwanza. Mimi siendi, kwa sababu kiti cha mbele ni cha mwalimu, naye hajui kwamba anatakiwa kutaja chochote.

Nilijaribu kumwambia bibi. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa. Alisema macho ya mzee yana vumbi tu la miaka mingi ya porini, na kwamba mimi ni mtoto niliyefundishwa adabu, nisiende kumwaibisha babu yangu mbele ya watu. Lakini ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Nadhani anajua, na anaogopa kama mimi.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, niliuondoa ufunguo wa Landrova kwenye msumari wake karibu na kalenda. Niliuficha ndani ya soksi. Nimetembea nao siku tatu na umenichubua kifundo cha mguu.

Nilidhani ufunguo ukikosekana safari itakufa yenyewe. Haikufa. Siku ya kwanza babu alitania kwamba jogoo ameumeza, akawa anamsikiliza jogoo tumboni. Siku ya pili aligeuza godoro, akapekua pipa la unga, akapapasa ardhi yote kati ya mlango na gari kwa viganja vyake. Mwishoni akampigia fundi wa Karatu, na fundi ameahidi kuja Jumamosi mchana kuunganisha nyaya ili gari liwake bila ufunguo.

Lakini si fundi aliyenifanya niandike. Jana niliporudi shuleni babu alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la jikoni. Aliniita nikae. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba macho hayamtishi, macho alijua yanakwenda tangu akiwa Arusha, ndiyo maana alirudi. Anachoogopa ni kichwa. Akasema baba yake alianza hivihivi, kwa kupoteza vitu alivyoviweka kwa mkono wake mwenyewe, akamaliza kwa kuwauliza wanawe wao ni watoto wa nani. Ufunguo ule ameutundika mwenyewe, ana hakika, na sasa hajui uko wapi, basi imeanza. Akaniomba kwamba siku akiniita kwa jina la mtu mwingine nimsahihishe bila kuona haya, nisimwache akaendelea.

Na ufunguo ulikuwa palepale ndani ya soksi yangu, baba. Nilisema ndiyo, Aako.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba useme kwamba wewe ndiye uliyeuchukua kwa bahati mbaya ulipokuja Pasaka. Lakini amekwenda mnadani mara nyingi tangu wakati huo. Tungemthibitishia kwamba kichwa chake kimeharibika. Kwa hiyo sikuombi hilo.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwa kipande cha soksi. Kesho Mama Blandina akishaondoka, nitakwenda kumwambia babu kwamba kichwa chake ni kizima na mwizi ni mimi. Najua atanidai ufunguo, na akinidai akiwa na uso ule wa jana nitampa. Ndiyo maana nataka ufunguo uwe umeshaondoka hapa.

Tafadhali njoo kabla ya fundi. Ulijifunza kuendesha kwenye gari hilohilo, yeye akiwa pembeni yako. Jumapili uendeshe wewe, na babu akae kiti cha mbele akuambie kona moja baada ya nyingine, kwa kuwa zote anazo kichwani. Mwalimu Inosenti atabanana nyuma na watoto. Ukiona kitu njiani mtajie babu kwa sauti, naye atakuambia la kufanya. Usipoweza kupata ruhusa kazini, mpigie simu Mwalimu Inosenti mwenyewe umweleze habari ya macho ya babu, hata kama watu watanichukia.

Msalimie sana mama, mwambie sweta imenitosha. Bibi Marsela anakusalimu bila kujua nimeandika nini. Joshua anakusalimu, anafanya mazoezi ya wimbo uani sasa hivi, na babu anampigia makofi.

Nakungoja,

mwanao mtiifu aliyekosa,
Aneth Felisiani